Unaponunua Ganjifa India, Uliza Kwanza

Dawati letu la utambuzi wa vitu vya sanaa limekuwa likipokea malalamiko ya aina mbili kuhusu ganjifa, karata za duara za India zinazochorwa kwa mkono: mtu kauziwa chapa ya mashine kwa bei ya kazi ya mkono, au mzigo wake umezuiliwa forodhani. Tunaamini wote walinunua kwa nia njema.

Niseme wazi, maana watu hawakomi kuniuliza kama ni vya uganga, au kama zina kasoro kwa kuwa za duara: ganjifa si vifaa vya uganga, na umbo la duara si kasoro. Ni karata za kuchezea. Babur, mwanzilishi wa dola ya Mughal huko India, aliandika kwamba mwaka 1527 alimpelekea ganjifa Shah Hasan, mtawala wa Sindh. Uru na shupaza hamtaziona. Seti ya Dashavatara, yaani maumbile kumi ya Vishnu, mungu wa Kihindu, ina mafungu 10 ya karata 12, kila fungu na umbile lake la Vishnu: samaki, kobe, nguruwe mwitu na wengineo.

Kijijini Raghurajpur, jimbo la Odisha nchini India, wachoraji wale wale wa pattachitra (michoro ya jadi juu ya kitambaa) hushikamanisha vitambaa kwa gundi ya mbegu za ukwaju, hupaka unga wa chaki, kisha husugua kwa jiwe mpaka pateleze. Chukua karata ya samaki 10 uitazame kwa kioo cha kukuzia. Mkono hauchori samaki wawili sawasawa. Mstari huanza mnene ukaisha kama unywele. Chapa huonyesha vitone.

Pattachitra ya Odisha na ganjifa za Mysore zimesajiliwa chini ya sheria ya India ya mwaka 1999 ya viashiria vya kijiografia, yaani majina ya bidhaa yanayolindwa kwa ajili ya mahali zinakotoka. Muuzaji anayetumia majina hayo kwa udanganyifu hukabiliwa na kifungo cha miezi 6 hadi miaka 3, pamoja na faini ya rupia 50,000 hadi 200,000. Dai risiti inayotaja mahali ilikochorwa.

Seti za kale za makasri zilikuwa za pembe za ndovu au magamba ya kasa. Msizinunue. "Ni za babu yake muuzaji" si kibali! Kitu cha sanaa kilichozidi miaka 100 hakitolewi India na mtu binafsi, ila na serikali kuu au taasisi iliyoidhinishwa nayo tu, na anayekitorosha hufungwa miezi 6 hadi miaka 3, na faini juu yake. Pembe zina sheria yake tena, ya wanyamapori.

Na tafadhali, msizioshe. Nimeletewa seti iliyofutwa kwa maji ya sabuni: gundi ya ukwaju imeachia, na samaki wamebaki mikia.