Tenofoviri haiachwi kwa sababu DNA haionekani

Majibu ya maabara yakirudi na neno "haionekani" kwenye DNA ya HBV, kirusi cha homa ya ini B, kopo la tenofoviri, dawa yake, linasukumwa nyuma ya kabati. Kondele, Mumias, Nakuru, kote hapa Kenya hoja ni hiyo hiyo: virusi vimeisha, dawa ya nini tena? Basi nieleze kwa mara ya mwisho, ingawa najua si ya mwisho.

Tenofoviri na mwenzake entekaviri huzuia kirusi kujinakili. DNA yake ya duara, iliyojificha ndani ya kiini cha seli ya ini, haziigusi. Karibu kila anayemeza dawa vizuri DNA yake ya damuni hupotea, awe atarudiwa na ugonjwa akiacha dawa au la. Sasa kipimo ambacho wote wamefaulu kitamchujaje nani?

Kinachochuja kidogo ni kiwango cha HBsAg, protini ya ganda la kirusi, siku ya kuacha. Kiwango, jamani, kwa IU (vizio vya kimataifa) kwa mililita! Kile kipimo cha tone la damu ya kidole hujibu ndiyo au hapana tu. Mstari ukiwa hafifu bado ni ndiyo, na tafadhali msiupige picha kuulinganisha na wa mwaka jana.

Kiwango kikipatikana, ugomvi ndio unaanza. Chini ya 100, hatari ya kurudiwa hushuka. Lakini mpaka huo umetokana hasa na wagonjwa wa Asia ya Mashariki. Kwa Wazungu hutajwa 1,000. Huku kwetu, ambako jenotaipu A, yaani aina A ya kirusi, imetawala, tunaazima namba za watu na kukadiria. Isitoshe, kwa asiye na HBeAg, protini nyingine ya kirusi, sehemu ya HBsAg hutoka kwenye vipande vya DNA ya kirusi vilivyojichomeka katika kromosomu zake, kwa hiyo haisemi mengi kuhusu ile duara.

Mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, haachi. Mwenye VVU pia, ambaye tenofoviri humtibu vyote viwili, akibadilishiwa dawa aulize kama imebaki. Lamivudini, dawa nyingine ya virusi hivyo, ikibaki peke yake hukaribisha usugu.

Anayeacha kwa ushauri wa daktari apimwe ALT (kimeng'enya kinachopanda ini likiumia) na DNA kila mwezi kwa miezi 3, kisha kila miezi 3 hadi mwaka utimie. Waliokuwa kwa tenofoviri mara nyingi hurudiwa ndani ya miezi 3 ya kwanza. Wa entekaviri hukawia, wengi hupita miezi 6, kwa hiyo majibu mazuri ya mwezi wa pili yasimlevye mtu. DNA ikipita IU 2,000 kwa mililita huku ALT imetulia, kipimo hurudiwa. ALT nayo ikizidi mara 2 ya kawaida, hapo ugonjwa umerudi. Bilirubini, ile rangi inayofanya macho kuwa manjano, ikipanda au damu ikichelewa kuganda, dawa inarudishwa siku hiyo hiyo.

Na manyasi, dawa za mitishamba, yawekwe kando mwaka huo wote. ALT ikifika 300 na mtu anakunywa mizizi asubuhi na jioni, tutamshtaki nani, kirusi au sufuria?