Leza chini ya miti ya Verdun

Ukiutazama msitu wa Verdun, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, kwenye picha ya setilaiti, huoni ila zulia la kijani. Hakuna dalili kwamba hapo Wafaransa na Wajerumani walipigana kuanzia tarehe 21 Februari hadi 18 Desemba 1916, na askari wapatao 300,000 wakafa. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vilipokwisha, sehemu kubwa ya ardhi ile ilionekana haifai tena kulimwa. Serikali ikaitenga, kisha ikapandwa miti. Miti hiyo imeuficha uwanja wa vita, lakini pia imeutunza. Kwingineko wakulima walirudi, wakafukia mashimo, wakalima, na leo mashamba yao ni tambarare kama meza. Msituni jembe halikupita.

Kazi yangu ni kuisoma ardhi ya namna hiyo kwa leza inayopigwa kutoka kwenye ndege. Hesabu yake si ngumu. Chombo hurusha mamia ya maelfu ya mapigo ya mwanga kila sekunde, na kila pigo hupimwa muda linaotumia kwenda na kurudi. Ndege ikiwa mita 600 juu, pigo hurudi baada ya mikrosekunde 4 hivi. Ukikosea nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde, umekosea sentimita 15, na kina cha handaki lililokwisha kufukiwa na majani makavu huenda hakizidi hapo sana. Na mahali ndege ilipo lazima pajulikane kwa usahihi wa namna hiyohiyo, ndiyo maana hubeba pia kipokezi cha setilaiti na kifaa kinachorekodi kila inapoinama au kuyumba.

Wengi hudhani leza hupenya majani. Haipenyi. Hupita kwenye mianya, kama jua linavyotupa madoa ya mwanga chini ya mti. Pigo moja huweza kurudisha mwangwi zaidi ya mmoja: wa kwanza kutoka kileleni, mwingine kutoka kwenye tawi, wa mwisho kutoka kwenye udongo ukibahatika. Kwa hiyo hupendelea kuruka majira ya baridi, majani yakiwa yamepukutika. Penye misonobari hupati nafuu hiyo, na nukta za ardhini (kila mwangwi hugeuzwa nukta moja ya ramani) huwa chache mno.

Kisha programu huchambua nukta zote na kuamua ipi ni ardhi na ipi ni mti. Hapa ndipo mambo huharibika kimyakimya. Programu nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya ramani za kawaida, hivyo zinapenda ardhi laini. Zikikutana na ukingo wa handaki uliosimama wima, zinaudhania kichaka na kuukata. Mimi siku hizi huanza kwa kuangalia kilichotupwa kabla sijaangalia kilichobaki, na si mara moja nimekuta matuta mazima ndani ya takataka.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa la kivuli. Modeli ya ardhi, yaani umbo la ardhi linalojengwa kwa nukta zilizobaki, huonyeshwa kana kwamba jua linaimulika kutoka kaskazini magharibi, kwa mazoea tu. Nilitumia wiki nzima kuchora mahandaki ya bonde moja, nikaridhika. Mwenzangu akaugeuza mwanga utoke kaskazini mashariki, na palepale likatokea handaki la kupitishia askari na chakula, refu, lililokwenda sambamba na jua langu la kubuni. Mfereji unaofuata mwelekeo wa mwanga hautupi kivuli, na bila kivuli jicho halina cha kushika. Tangu siku hiyo hutumia mianga kadhaa, pamoja na picha isiyo na jua kabisa, ile inayopima kila nukta inaona sehemu gani ya anga. Shimo huona anga kidogo, hivyo linakuwa jeusi popote lilipo.

Baada ya hapo ni kusoma maumbo. Handaki la mstari wa mbele halinyooki. Lina kona kona, ili adui akiingia upande mmoja asipate nafasi ya kupiga risasi hadi mwisho wake, na kombora likiangukia ndani, nguvu ya mlipuko ikomee kwenye kona. Shimo la kombora ni duara, na udongo wake umetapakaa pande zote. Shimo dogo lenye rundo la udongo upande mmoja tu lisikudanganye: mara nyingi ni mti ulioanguka na kung'oa mizizi. Na pale Vauquois, magharibi mwa Verdun, ni balaa jingine. Majeshi yalichimba chini ya kilima na kulipua baruti kwa tani. Tarehe 14 Mei 1916 Wajerumani walilipua tani 60 kwa mkupuo mmoja. Kwenye data kilima hicho kinaonekana kama jino lililooza katikati.

Kuna mashimo ambayo leza haiyaoni kabisa. Yamejaa maji, na maji hufyonza mwanga wa infraredi tunaotumia, hivyo kinachorudi ni pengo tupu. Anayeanza kazi hii hulalamika kwamba data ina matundu. Mimi hufurahi, maana pengo la duara kamili katikati ya msitu karibu kila mara ni bwawa ndani ya shimo la bomu.

Kitu ambacho leza haina ni tarehe. Handaki la 1914, la 1916 na barabara ya wakata magogo ya miaka ya juzi hukaa kwenye picha moja bila ugomvi. Lazima uweke juu yake picha za angani zilizopigwa na marubani wakati wa vita, na ramani za majeshi yote mawili, kisha uende kwa miguu ukiwa na kibali, kwa sababu makombora yasiyolipuka bado yamo.

Ufaransa sasa inaitoa bure data ya leza ya nchi yake, wastani wa nukta 10 kwa kila mita ya mraba. Naiunga mkono, ingawa najua wawinda vyuma vya vita nao wanaipakua. Ninachokataa ni kuchapisha ramani iliyokwisha kuwekewa alama za mahandaki ya kulala askari. Chini ya mengine bado kuna watu.

Lile handaki nililolikosa? Kwenye ramani yangu bado ni mstari wa vitone. Nusu yake inapita chini ya misonobari, na huko nina nukta tatu nne tu za ardhi.