Neno lililo chini ya picha: dhana potofu kuhusu sanaa ya historia ya ugonjwa wa akili

Watu wengi wakiona picha ya kale ya mgonjwa wa akili ikiwa na maandishi kando yake, huiamini picha na kuyapita maandishi. Mimi nadhani tuanzie kwenye maandishi.

Dhana: Picha ni ushahidi, maandishi ni pambo tu.

Ukweli ni kwamba tangu mwanzo picha hizi zilitegemea maneno ili zionekane kuwa za ugonjwa. Katika miaka ya 1850, daktari Hugh Welch Diamond aliwapiga picha wanawake waliolazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Surrey, Uingereza. Mwaka 1856 aliwasilisha mbele ya Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, hoja kwamba kamera inaweza kuunasa ugonjwa usoni. Sasa ondoa jina la ugonjwa. Unabaki na mwanamke aliyeketi mbele ya pazia. Ana huzuni? Amechoka? Anaiogopa mashine iliyomkodolea jicho? Uso wenyewe haujibu.

Dhana: Kamera ilinasa tu yaliyokuwa yakitokea.

Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Katika hospitali ya Salpêtrière, Paris, alikofanya kazi daktari wa mishipa ya fahamu Jean-Martin Charcot, vilitolewa kati ya 1876 na 1880 vitabu vyenye picha za wagonjwa na maelezo ya madaktari. Aliyejulikana zaidi ni msichana aliyeitwa Augustine, aliyeingizwa hospitalini mwaka 1875. Vioo vya kupigia picha vya siku hizo vilimtaka mtu atulie kwa muda, na mwili unaotupwatupwa haungetoka ila ukungu. Kwa hiyo mikao mingi tunayoiona ni ile iliyoweza kushikiliwa.

Chini ya picha yake moja, macho yakiwa yameelekezwa juu, pamechapwa neno la Kifaransa lenye maana ya jazba. Lakini katika kurasa za maelezo za kazi hiyohiyo, madaktari waliandika pia maneno yaliyomtoka Augustine mwenyewe, na ndani yake mna habari ya kubakwa na mwajiri wa mama yake kabla hajaletwa pale. Msomaji aliyetazama picha tu alipata jazba. Msanii anayeyatoa maneno hayo kwenye kurasa za ndani na kuyaweka chini ya picha ileile hazui kitu: anabadilisha tu nani anasikika kwanza. Mwaka 1880 Augustine alitoroka akiwa amevaa nguo za kiume.

Dhana: Maandishi mazuri huieleza picha.

Si lazima. Mwaka 1969 Italia kilichapishwa kitabu *Morire di classe*, chenye picha za Carla Cerati na Gianni Berengo Gardin, kikihaririwa na daktari wa magonjwa ya akili Franco Basaglia na mkewe Franca Ongaro Basaglia. Mle ndani picha za hospitali za wagonjwa wa akili zimekaa na maneno ya waandishi na wanafikra ambayo hayakuandikwa kwa ajili ya picha hizo. Swali linahama kutoka "huyu anaumwa nini?" hadi "nani amemfungia humu?" Sheria namba 180, iliyoanzisha kufungwa kwa hospitali hizo nchini humo, ilipitishwa mwaka 1978.

Dhana: Bila uso, hakuna mtu.

Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Willard, katika jimbo la New York, ilipofungwa mwaka 1995, darini yalikutwa masanduku zaidi ya 400 ya wagonjwa. Mpiga picha Jon Crispin aliyapiga picha yakiwa wazi: nguo, barua, picha za watu wao. Humwoni mgonjwa, ila unaona alichokifungasha akidhani atarudi nacho. Sheria za usiri wa matibabu zilizuia majina kamili kutajwa. Naielewa sababu yake, lakini inaniuma, kwa maana masanduku mengi bado yana vibandiko vyenye majina ya wenyewe.