Ijumaa ya tarehe 13 haikutoka msalabani

Wiki hii tena. Wachumba wamemaliza mafundisho, komini (ofisi ya serikali ya mtaa) imewapa tarehe, mahari imeisha bila ugomvi (hapa Bukavu huo peke yake ni muujiza), halafu shangazi wa binti anasimama: "Mwalimu, hapana. Tarehe 13 mwezi wa 11 ni Ijumaa. Siku hiyo ndiyo walimuua Yesu."

Mimi nafundisha Maandiko na kuandaa wachumba katika parokia moja ya mji huu, na hiyo sentensi ya mwisho ndiyo imenichosha. Mtu akisema anaogopa 13 kwa sababu bibi yake aliiogopa, tunakaa, tunaongea. Akiuchukua woga wake na kuutundika msalabani, hapo anaiita Injili kutoa ushahidi wa jambo ambalo haikuliona.

Ijumaa, sawa. Marko 15:42 anasema ilikuwa Maandalio, kesho yake Sabato. Lakini tarehe? Kwa Mathayo, Marko na Luka, karamu ya mwisho ilikuwa ya Pasaka, kwa hiyo msalaba unaangukia tarehe 15 ya Nisani (mwezi wa Pasaka katika kalenda ya Kiyahudi). Kwa Yohana, Pasaka ilikuwa bado kuliwa, kwa hiyo ni tarehe 14. Nimesoma wanaowapatanisha na wanaokataa kuwapatanisha, na hakuna upande ulioniridhisha. Darasani nawaambia wachumba hivyo hivyo. Wanaopiga hesabu za mwezi mwandamo hupendelea tarehe 7 Aprili mwaka 30, au 3 Aprili mwaka 33. Itafuteni 13 humo.

"Lakini mezani walikuwa 13." Ndiyo. Na wale wale 13 walikuwa wamekula pamoja mara ngapi kabla ya usiku ule? Aliyemuuza Yesu ni Yuda, si idadi ya sahani. Tuendelee.

Wakristo wa kwanza waliitenga Ijumaa, hilo halina ubishi. Didake, kile kitabu kidogo cha mafundisho ya zamani sana, kinawaambia wafunge Jumatano na Ijumaa. Walifunga kwa kukumbuka, wala hakuna aliyewaambia wajifungie ndani. Sisi wenyewe siku ile tumeiita Ijumaa Kuu.

Kuna wanaonijia na wale mashujaa wa Hekalu (Templars, watawa wapiganaji wa zamani) waliokamatwa Ufaransa kwa amri ya mfalme Filipo wa Nne, Ijumaa tarehe 13 Oktoba 1307. Ni kweli walikamatwa. Lakini woga wa kuunganisha Ijumaa na 13 unaonekana kwenye maandishi katika karne ya 19 tu, miaka mia tano baadaye. Wahispania wao huogopa Jumanne ya 13, Waitalia huogopa 17. Mkosi gani huu unaobadilisha tarehe kila ukivuka mpaka?

Halafu kalenda yenyewe. Hii tunayotumia iliamriwa na Papa Gregori wa 13 (kumi na tatu, ndiyo) mwaka 1582. Mwaka huo, baada ya tarehe 4 Oktoba ilifuata tarehe 15. Tarehe 13 Oktoba 1582 haikuwepo kabisa kwa waliomfuata Papa. Waorthodoksi wanaoshika kalenda ya zamani wako nyuma yetu siku 13, kwa hiyo 13 yao ni 26 yetu. Kama kuna pepo wa tarehe 13, maskini anatembea na kalenda mbili mkononi. Na asilalamike kukosa kazi: katika kila miaka 400, tarehe 13 huangukia Ijumaa mara 688, kuliko siku nyingine yoyote ya juma. Mwaka 2026 peke yake zipo tatu, Februari, Machi na Novemba.

Wakatoliki wenzangu ndio hunishangaza zaidi. Hao hao wanaoikataa tarehe 13 kwa arusi ndio wanaoshika rozari tarehe 13 kwa heshima ya Mama wa Fatima, kwa sababu Bikira Maria anasemwa aliwatokea watoto huko tarehe 13 Mei na 13 Oktoba 1917. Mtakatifu Antoni wa Padua naye sikukuu yake ni 13 Juni.

Na kama siku zinahukumiwa kwa maafa, tuzihukumu zote. Volkano ya Nyiragongo ililipuka 10 Januari 1977, Jumatatu. Ikaja 17 Januari 2002, Alhamisi. Ikaja 22 Mei 2021, Jumamosi. Askofu Mkuu Munzihirwa aliuawa hapa hapa mjini 29 Oktoba 1996, Jumanne. Tetemeko la 3 Februari 2008 lilitikisa Bukavu na ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, siku ya Jumapili, watu wakiwa kanisani. Sijasikia mtu akiniambia Jumapili ina nuksi.

Sasa nifike kwenye kinachoniudhi kweli, maana shangazi wa watu namsamehe. Ni wale wanaosema hawaamini mikosi, ila wanapambana nayo. Ijumaa ya 13 ikikaribia, simu inajaa matangazo: mkesha wa kuivunja siku, mafuta ya kuifunika siku, sadaka ya kuinunua siku. Andiko lao ni Waefeso 6:13, kushindana siku ya uovu. Wanaitamka ile "kumi na tatu" kwa kuvuta, kana kwamba Paulo mwenyewe aliandika namba pembeni. Namba za mistari ya Agano Jipya tunazotumia ziliwekwa na mchapaji wa vitabu, Robert Estienne, mwaka 1551. Na siku ya uovu anayoisema Paulo ni saa ya jaribu, ambayo inaweza kukukuta Jumatano asubuhi ukiwa sokoni Kadutu unahesabu pesa isiyo yako.

Anayekesha kuivunja tarehe ameshaikiri kwamba ina nguvu. Tofauti yake na yule anayeikimbia ni kwamba huyu ameilipia. Kumbukumbu la Torati 18:10 linamweka mtu anayetazama nyakati mbaya katika orodha moja na mpiga ramli na msihiri, na halisemi "isipokuwa akizitazama kwa jina la Yesu".

Mkitaka tarehe 13 ya kweli kwenye Biblia, ipo, tena iko wazi, na sijamsikia mhubiri wa mikesha hiyo akiigusa. Kitabu cha Esta. Hamani, waziri wa mfalme wa Uajemi, anataka kuwaangamiza Wayahudi, lakini kwanza anataka siku yenye bahati, kwa hiyo anapigiwa kura, siku kwa siku na mwezi kwa mwezi, mpaka inaangukia mwezi wa 12. Barua zinaandikwa tarehe 13 ya mwezi wa kwanza. Mauaji yanapangwa tarehe 13 ya mwezi wa 12. Siku imechaguliwa kitaalamu, imepigwa muhuri wa mfalme. Ilipofika, mambo yaligeuka, na waliotaka kuua ndio walioshindwa. Angalieni alivyofanya Esta, malkia aliyekuwa Myahudi. Aliomba watu wafunge siku tatu, halafu akaenda kwa mfalme ambaye angeweza kumuua. Mfungo ule ulielekezwa kwa Mungu na kwa mtu mwenye mamlaka ya kuua, tarehe hakuigusa. Mwandishi haisifu 13 wala haiombei ifutwe.

Haki inanidai niseme upande wa pili: Kanisa nalo lina mkono humu. Mtakatifu Agustino, askofu wa zamani, akieleza barua kwa Wagalatia, analalamika kwamba makanisa yamejaa watu wanaoogopa kuanza kujenga katika zile siku zilizoitwa za Kimisri, zilizodhaniwa kuwa na mkosi. Karne nyingi baada yake, watawa wakawa wanazinakili siku hizo hizo kwenye kalenda za vitabu vya sala, mbili kila mwezi. Leo sisi tunawaambia watu wasiweke arusi katika Kwaresima, hatuelezi kwa nini, tunashangaa wakihitimisha kwamba Kwaresima huharibu ndoa. Ni toba tu, jamani, na makelele ya feti hayaendani nayo.

Kuna jambo moja bado linanisumbua. Mama aliyemzika mwanae tarehe fulani hataki sherehe tarehe hiyo, hata miaka ishirini baadaye. Hiyo siiti ushirikina. Ayubu mwenyewe aliilaani siku aliyozaliwa, na Mungu hakumkemea kwa maneno hayo. Lakini watoto wa yule mama wanarithi tarehe bila kurithi kilio, na wajukuu wanarithi woga mtupu. Mpaka uko wapi kati ya kumbukumbu na mkosi? Huwa nasema uko pale unapoanza kumkataza jirani. Jibu hilo halinitoshi, ila sina bora.

Kwa wanaopanga ndoa mwakani: Ijumaa Kuu na Jumamosi Kuu hatufungishi, yaani 26 na 27 Machi 2027. Kwaresima iliyobaki, muulizeni padri wenu. Siku nyingine zote shida yenu ni ukumbi, na Jumamosi za Agosti hujaa mapema, kwa hiyo lipeni avansi.