Weusi wa Injini: Namna Ninavyosoma Vitabu vya Picha za Treni za Mvuke za Ujerumani

Ninapokishika kwa mara ya kwanza kitabu cha picha za treni za mvuke za Ujerumani, siangalii jalada wala sisomi dibaji. Natafuta ukurasa wenye injini iliyopigwa picha kwa ubavu, nakipeleka kitabu dirishani penye mwanga, kisha natazama chini ya boila, pale yalipo magurudumu na fito zinazopokea nguvu ya pistoni. Nikiweza kuhesabu spoku za gurudumu la nyuma lililojificha kivulini, najua kwamba mchapaji aliijua kazi yake. Ikiwa sehemu hiyo yote imegeuka doa moja jeusi, basi hata jalada lingenakshiwa kwa dhahabu, kitabu hicho kimepoteza habari nyingi zilizokuwamo kwenye negativu, yaani filamu au kioo cha asili cha picha. Kazi yangu ya kila siku ni kunakili na kusafisha negativu za zamani, na sehemu kubwa ya muda wangu huishia hapo hapo, kwenye giza la chini ya boila.

Giza hilo lina sababu zake. Injini za shirika la reli la taifa, Deutsche Reichsbahn, zilipakwa rangi nyeusi kuanzia boila kwenda juu, na nyekundu kwenye fremu na magurudumu. Macho yetu huzitenganisha rangi hizo mbili bila taabu yoyote, lakini bamba za kioo na filamu za mwanzoni mwa karne ya 20 hazikuuona wekundu: zilipokea vizuri buluu, nyingine zikapokea na kijani, ila chochote chekundu kilitoka cheusi. Kwa hiyo katika picha nyingi za zamani magurudumu yaliyokuwa mekundu yanaonekana meusi kama boila, na kivuli kinaongezeka juu ya weusi huo. Viwanda vilivyounda injini vililijua tatizo hili mapema, ndiyo maana injini mpya mara nyingi ilipakwa kwanza rangi ya kijivu kwa ajili ya picha rasmi, kisha ndipo ikapakwa rangi yake ya kazi. Msomaji akiikuta injini ya kijivu katika kurasa za mwanzo za kitabu asidhani kwamba ilisafiri ikiwa hivyo. Jambo hili linazihusu pia picha za reli ya Tanga na ya Dar es Salaam ambazo mpiga picha Mjerumani Walther Dobbertin alizipiga kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na ambazo leo zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Ujerumani. Weusi wa injini zile nao usichukuliwe kuwa ushahidi wa rangi.

Baada ya negativu kuna uchapaji, na hapa ndipo vitabu vinapopishana sana. Katika uchapaji wa zamani wa silinda ya shaba, wino hukaa ndani ya vishimo vidogo sana vyenye vina tofauti, na penye giza vishimo huwa virefu zaidi, hivyo karatasi inapokea wino mwingi na weusi unakuwa mzito huku ukibaki na hatua zake ndogo ndogo. Uchapaji wa ofseti hauna vina hivyo. Unajenga picha kwa vitone vikubwa na vidogo vya wino wenye unene uleule, na penye giza vitone hivyo hugusana na kumezana. Mchapaji makini hulitatua hilo kwa kuipitisha picha mashinini mara mbili, mara moja kwa wino mweusi na mara ya pili kwa wino wa kijivu, ili kijivu kibebe yale ambayo mweusi ungeyafunika. Ukikisogeza kioo cha kukuzia kwenye ukurasa wa namna hiyo, utaona aina mbili za vitone vimepangwa kwa pembe tofauti. Ninavyo vitabu vya miaka ya 1970 vilivyochapwa kwa wino mmoja tu, na ninavyo vingine vya wino mbili vyenye baadhi ya picha zilezile. Ukiviweka sambamba mezani, ungeapa kwamba ni injini mbili tofauti.

Mtu aliyeweka kipimo cha picha hizi ni Carl Bellingrodt, aliyezaliwa Köln mwaka 1897 na kufariki mwaka 1971, ambaye kwa miongo kadhaa alipiga picha za injini za Ujerumani akiwa na kamera ya bamba za kioo. Alisimama mbele kidogo ya injini, upande mmoja, jua likiwa nyuma yake na likiwa chini kiasi cha kuingiza mwanga hadi kwenye magurudumu. Tazama pia mahali fito zilipo: katika picha iliyoandaliwa vizuri, fito zinazounganisha magurudumu zimeshuka hadi chini kabisa, ili spoku na vitovu vya magurudumu vibaki wazi. Injini haisimami hivyo kwa bahati kila siku. Ni lazima dereva aisogeze taratibu, pengine nusu mita tu, mpaka mpiga picha aridhike, na kila ninapoona fito zimekaa chini namna hiyo namfikiria dereva aliyeshika mpini akisubiri ishara. Karibu na Bellingrodt yupo Hermann Maey, aliyeongoza hifadhi ya picha za injini za Ujerumani na kutaka kila aina ya injini ipigwe kwa utaratibu uleule. Wapo wanaosema picha za namna hii ni kavu. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu zimetuachia kumbukumbu tunayoweza kuilinganisha injini kwa injini bila kubahatisha.

Maelezo ya chini ya picha hukosea mara nyingi kuliko msomaji anavyodhani, na dawa ipo ndani ya picha yenyewe. Tuseme kwenye kibao cha mbele pameandikwa 043 903-4. Ujerumani Magharibi ilianza namba za aina hii tarehe 1 Januari 1968, ili kompyuta iweze kuzisoma: tarakimu tatu za aina ya injini, tatu za injini yenyewe, na moja ya ukaguzi. Chukua tarakimu sita za mwanzo, uzizidishe kwa 1, 2, 1, 2, 1, 2 kwa kufuatana. Unapata 0, 8, 3, 18, 0 na 6. Ile 18 ivunje iwe 1 na 8, kisha jumlisha zote: 26. Kinachokosekana ili kufikia kumi kamili inayofuata, yaani 30, ni 4, na 4 ndiyo tarakimu ya mwisho. Kwa njia hii, kibao ambacho tarakimu yake moja imefichwa na mvuke naweza kukisoma kikamilifu. Ujerumani Mashariki ilibadilisha namba zake mwaka 1970 kwa mpango mwingine, tarakimu mbili za aina na nne za injini, kwa hiyo kibao peke yake kinakwambia upande wa mpaka. Taa ya tatu juu ya mlango wa mbele wa boila nayo ni ushahidi, maana iliongezwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kabla ya hapo zilikuwa mbili tu. Kitabu kimoja nilichokinunua kwa bei kubwa kina picha yenye kibao cha kompyuta, na maelezo yake yanasema mwaka 1966. Nimeandika pembeni kwa penseli: si kabla ya 1968.

Hiyo 043 903-4 sikuichagua ovyo. Ndiyo iliyofanya safari ya mwisho ya mvuke katika huduma ya kawaida ya Deutsche Bundesbahn, shirika la reli la Ujerumani Magharibi, huko Emden, kaskazini-magharibi mwa nchi, tarehe 26 Oktoba 1977. Miaka ya mwisho ya njia ya Rheine hadi Emden imepigwa picha kupita kiasi, na si ajabu: ni nchi tambarare isiyo na mlima wa kuzuia jua, na juu yake zilipita treni za madini ya chuma zenye uzito wa tani 4,000, zikivutwa na injini mbili za aina ya 043 zilizounguza mafuta mazito. Wapiga picha waliokuwa hodari walizisubiri asubuhi za baridi kali, kwa sababu mvuke hugeuka wingu zito jeupe haraka zaidi hewa ikiwa baridi, na wingu hilo jeupe juu ya injini nyeusi ndilo linaloipa picha uhai. Moshi mweusi ni jambo jingine. Huo ni mafuta au makaa yasiyoungua yakamalizika, na mchochea moto mzuri hakujivunia.

Upande wa Mashariki mvuke uliendelea kwenye reli za upana wa kawaida hadi mwaka 1988, na kwenye reli nyembamba za milima ya Harz unaendelea mpaka leo. Huko kupiga picha kwenye maeneo ya reli kulibanwa, na polisi wa usafiri waliweza kumsimamisha mtu mwenye kamera. Ndiyo maana nyingi za picha hizo zimepigwa kutoka mbali, nyuma ya vichaka au kwenye kona ya barabara, na mimi naziona kuwa na pumzi zaidi: kuna mashamba, kuna wanafunzi na baiskeli zao, na injini inapita nyuma yao. Kati ya hizo, nazipenda mno picha za zile injini thelathini na tano za mwendo kasi zilizoundwa upya katika karakana ya Meiningen kuanzia mwaka 1962, ambazo baadhi yake zilitunzwa Saalfeld.

Jambo moja bado linaniuma katika vitabu vya pande zote mbili. Mbele yangu sasa ipo picha ya karakana ya Rheine: mwanamume aliyejifunga kitambaa shingoni amefungua mlango wa mbele wa boila, naye anakokota majivu kwa koleo lenye mpini mrefu, uso wake umegeuzwa kukwepa vumbi. Imechapwa vizuri sana, hata mishono ya glovu zake inaonekana. Maelezo yanataja namba ya injini, kiwanda kilichoiunda, mwaka wa kuundwa na aina ya filamu. Jina la mtu huyo halimo. Wapo wachapishaji wachache ambao siku hizi huwatembelea wastaafu wa reli wakiwa na picha mkononi, wakauliza huyu ni nani na alikuwa akifanya nini saa ile, kisha wakayaandika majibu chini ya picha. Vitabu hivyo ndivyo ninavyovinunua kwanza.