Je, wajua kwa nini kishikio cha kufungulia mlango wa shule kinatakiwa kiwe upande wa watoto?

Binti yangu yuko kidato cha pili, anasoma bweni shule moja huku njia ya Muheza, na siku ya wazazi kutembelea nilimsaidia kurudisha tranka bwenini ndo nikauona ule mlango. Mlango wa chuma, mzito, umepakwa rangi ya bluu, komeo liko nje na kufuli kubwa la shaba linaning'inia kwenye kitanzi. Nikapapasa kwa ndani, hakuna kitu, hata mahali pa kushika hakuna. Nikamuuliza, usiku mnafungiwa? Akasema ndio mama, saa nne matroni akishatuhesabu anafunga, anafungua saa kumi na moja alfajiri. Na mtu akibanwa na haja je? Akanionesha ndoo pembeni ya mlango.

Usingizi haukuja usiku ule. Nikaanza kusoma habari za milango ya shule, na nilichokuta ni kwamba watu walioumiza kichwa sana siku hizi kuhusu mlango wa darasa ni Wamarekani, na wao kinachowatisha si moto peke yake, ni mtu anayeingia shuleni na bunduki. Ukiangalia haraka unaona hayo hayatuhusu, yao bunduki na yetu moto, lakini ukifuatilia mpaka mwisho jibu linakuwa lilelile: aliye ndani ndiye anayetakiwa kuwa na uwezo wa kufunga na kufungua.

Chukua shule ya msingi ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut, tarehe 14 Desemba 2012. Mlango mkuu ulikuwa umefungwa, kijana aliyekuja na bunduki akapiga risasi kioo cha pembeni akapita. Waliuawa watoto 20 wa miaka sita na saba, na watu wazima 6 wa shule. Sasa milango ya madarasa pale ilikuwa ya kufungwa kwa ufunguo upande wa korido, yaani mwalimu akitaka kuwafungia watoto ndani wasidhurike inabidi yeye atoke kwanza nje, kule kule risasi zinakolia, atafute ufunguo, afunge, arudi. Tume iliyoundwa na gavana wa jimbo ilitoa ripoti yake 2015 na pendekezo lao kubwa lilikuwa hili, kila darasa lifungike kwa ndani, kwa sababu wataalamu waliwaambia hakuna tukio ambalo mshambuliaji aliuvunja mlango wa darasa uliofungwa kitasa. Vioo wanavivunja ndio, ila mlango wenyewe hapana, wanaupita wanatafuta ulio wazi maana nao wana haraka.

Shule ya sekondari ya Parkland, Florida, Februari 2018, waliuawa watu 17. Mshambuliaji hakuingia hata darasa moja, alipiga kupitia vioo vya milango na kwenye korido. Na kuna jambo pale limenikaa kichwani mpaka leo: vumbi na moshi wa risasi viliamsha alamu ya moto. Watoto wa ghorofa ya juu wakasikia alamu wakafanya walichofundishwa, wakatoka madarasani wakajaa koridoni kama vile kuna moto, wakakutana na bunduki. Moto unakwambia toka, bunduki inakwambia jifungie, na mtoto masikini ana sauti moja tu ya kengele ya kumwambia yote mawili.

Shule ya msingi ya Uvalde, Texas, Mei 2022, waliuawa watoto 19 na walimu 2, polisi walikaa dakika 77 nje ya madarasa alimokuwa mshambuliaji, wengine wakihangaika na funguo za mlango ambao uchunguzi baadaye ulionesha huenda haukuwa umefungwa kabisa. Mlango wenyewe ulikuwa na hitilafu ya kitasa na shule ilikuwa inajua.

Lakini kilichonitoa machozi ni Virginia Tech, chuo kikuu, Aprili 2007, ambako waliuawa watu 32. Yule mshambuliaji alikwenda na minyororo na makufuli, akafunga milango mikuu ya jengo ili waliomo wasitoke na polisi wasiingie. Nimesoma hiyo sentensi mara tatu nikiwa nimekaa barazani kwangu Makorora, nikaliona lile kufuli la shaba.

Huku kwetu Tanga bunduki tunaiona kwa askari na mlinzi wa benki, mtu wa kawaida kumiliki ni mpaka kibali cha polisi, na mwanafunzi kuja nayo shuleni si jambo tunalolala tukiliwaza. Kinachowaua watoto wetu usiku ni moto. Shauritanga, Rombo, 1994, wasichana wapatao 40. Idodi, Iringa, 2009, wasichana 12. Byamungu, Kyerwa, Septemba 2020, watoto 10 wa shule ya msingi. Na majirani zetu hapo ng'ambo ya Horohoro, Bombolulu, Kwale, 1998, wasichana 26, mlango umefungwa na madirisha yana nondo. Kyanguli, Machakos, 2001, wavulana 67, bweni lina milango miwili na mmoja ulikuwa na kufuli, madirisha nayo nondo, na walioshtakiwa kuwasha moto ule walikuwa wanafunzi wenzao.

Watu huwa wanasema si watavunja tu dirisha, au si matroni atakuja kufungua. Jamani, ngoja niwaambie moto wa bweni unavyokwenda. Godoro la sponji likishika linawaka haraka kuliko mtu anavyofikiri na linatoa moshi mweusi mzito, ndani yake mna hewa za sumu, ikiwemo ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Moshi unapanda kwanza juu, kwa hiyo wa kwanza kuuvuta ni mtoto aliyelala kitanda cha juu cha dabodeka, na wengi wanazimia kabla hata moto haujawafikia. Ni suala la dakika chache. Sasa weka hapo matroni ambaye analala nyumba ya pili, aamke, apate taa, atafute ufunguo kwenye fungu la funguo kumi, mkono unatetemeka, kufuli limeshapata moto halishikiki. Na Zimamoto ukiwapigia 114 wanakuja, ila kutoka mjini mpaka huku mashambani gari halipai.

Halafu kuna suala la mlango kufungukia wapi. Mwaka 1883 huko Sunderland, Uingereza, kulikuwa na maonesho ya watoto, mwishoni wakatangaziwa zawadi zinagawiwa chini, waliokaa ghorofani wakashuka mbio ngazini, kule chini mlango unafungukia kwa ndani na umewekwa komeo ukaachwa uwazi wa kupita mtoto mmoja mmoja. Walikufa watoto 183 kwa kukandamizana, na moto haukuwepo kabisa. Maana watu wakishausukumia mlango huo kwa kifua hakuna tena anayeweza kuuvuta, wa mbele anataka kurudi nyuma hatua moja na nyuma yake kuna watu mia. Baada ya msiba huo ndo likaja lile komeo la fimbo ya kusukuma, lilisajiliwa Uingereza 1892, unaliegemea tu kwa mwili mlango unafunguka kwa nje. Watoto wale wa Sunderland ndio waliotuletea hicho kitu tunachokiona leo kwenye kumbi za sinema.

Nisiseme uongo kwamba mlango mmoja mzuri unamaliza kila kitu. Mpondwe, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, Juni 2023, wapiganaji waliivamia shule ya sekondari usiku, wavulana wakajifungia ndani ya bweni, wale watu wakalitia moto. Waliuawa wanafunzi zaidi ya 30, wavulana kwa moto na wasichana kwa mapanga. Ndio maana bweni linatakiwa milango miwili, pande mbili tofauti, na dirisha ambalo nondo zake zina bawaba na zinafunguka kwa ndani.

Nilikwenda kwa fundi mmoja wa kuchomelea pale Ngamiani nikamchorea kwenye karatasi ninachotaka. Akaniambia mama hii kazi ya nusu siku, unatoa komeo la nje, unaweka kitasa ambacho kwa ndani kina kishikio tu unakizungusha mlango unafunguka bila ufunguo, na kwa nje kina tundu la ufunguo anao matroni. Aliye nje bila ufunguo haingii, aliye ndani anatoka muda wowote. Nikamuuliza kwa nini tusiweke tu komeo la ndani, akasema akitokea mtu mbaya akajifungia na watoto humo mtamtoaje? Hilohilo wataalamu wa moto wa Marekani walilipigia kelele sana baada ya Sandy Hook, shule zilipoanza kununua vyuma vya kuzuilia mlango ambavyo mtu wa nje hawezi kuviondoa.

Mkuu wa shule nilipomfuata alinisikiliza vizuri tu. Hofu yake ni watoto kutoroka na vijana wa mtaani kuingia, na kwa kweli siwezi kumlaumu, sisi wazazi wenyewe ndo tunaomwambia funga. Nikamwambia mwalimu, anayetaka kutoka usiku muwekeeni mlango unaopiga kelele ukifunguka, matroni alale humohumo, mlinzi azunguke nje. Tukaongea na habari ya kengele. Pale kengele ni rimu ya gari imening'inizwa kwenye mwembe, inagongwa kwa mstarini, kwa chakula, kwa kipindi kuisha, na ikitokea hatari itagongwa hiyohiyo. Tukakubaliana ikigongwa mfululizo bila kupumzika maana yake tokeni wote mpaka uwanjani, na hatari ya mtu wa nje itatangazwa kwa mdomo, kwa maneno ya wazi, jifungieni. Na wafanye mazoezi usiku, mchana kila mtoto anauona mlango.

Kuna kitu kingine. Kikosi kinachomlinda rais wa Marekani, Secret Service, pamoja na wizara ya elimu yao walichunguza mashambulizi 37 ya shuleni, ripoti ikatoka 2002, wakakuta zaidi ya mara 8 katika kila 10 kuna mtu alijua kabla, na mara nyingi ni mwanafunzi mwenzake. Watoto wanajua. Binti yangu alikaa na ile ndoo mihula mitatu hajaniambia, nilikuwa namuuliza mnakula nini, mmefundishwa nini, umekuwa wa ngapi, sijawahi kumuuliza usiku mkitaka kutoka mnatokaje.

Kitasa kimewekwa mlango mmoja. Mlango wa pili bado umezibwa na matranka, wamesema likizo hii watayahamisha, nitakwenda kuangalia. Juzi aliporudi nilimwambia fumba macho unioneshe ungetoka vipi gizani. Akainama chini kabisa kama nilivyomfundisha maana hewa iko chini, akaanza kuhesabu kwa mkono, kitanda, kitanda, kitanda, mpaka sita, ukuta, kushoto, kishikio. Nikamwambia rudia.