Kay McNulty, mkokotoaji aliyeipangia kompyuta ya ENIAC kazi

Usiku wa Februari 12, 1921, Kathleen McNulty alipozaliwa katika kijiji cha Creeslough, Donegal, Ayalandi, baba yake alikamatwa kwa kushiriki mapambano ya kudai uhuru kutoka kwa Waingereza. Alifungwa miaka miwili. Alipotoka, familia ilihamia Marekani mwaka 1924 na kufanya makazi Philadelphia. Kay, kama alivyoitwa nyumbani, alikuwa na umri wa miaka mitatu na lugha aliyoijua ilikuwa Kiayalandi peke yake. Kiingereza alikikuta Marekani. Hisabati aliipenda mapema, na katika chuo cha wanawake cha Chestnut Hill alisoma kila somo la hisabati lililokuwa likifundishwa.

Alihitimu mwaka 1942, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto. Ualimu, njia iliyozoeleka kwa mwanamke mwenye shahada ya hisabati, haukumvutia. Alipoona tangazo la jeshi la kutafuta wanawake waliosoma hisabati, aliomba nafasi pamoja na mwenzake wa chuoni, Frances Bilas. Wote wawili wakaajiriwa kama wakokotoaji katika Shule ya Moore ya uhandisi wa umeme, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kwa mshahara wa dola 1,620 kwa mwaka. Katika orodha ya vyeo vya serikali waliwekwa kwenye daraja lililo chini ya wataalamu. Msomaji alikumbuke daraja hilo anapoendelea kusoma kazi waliyoifanya.

Mzinga wa masafa marefu haulengwi kwa jicho. Askari anahitaji jedwali linalomwambia: kwa umbali huu, upepo huu na hali hii ya hewa, inua mtutu kwa pembe hii. Kila aina ya mzinga na kombora lake ilihitaji jedwali lake, na ndani ya jedwali moja mlikuwa na njia nyingi mno za kombora za kukokotoa. Ili kupata njia moja, mkokotoaji aliigawa safari ya kombora katika vipande vidogo vya muda. Katika kila kipande alitafuta kasi, kimo, na kiasi ambacho hewa inalipunguzia kombora mwendo, kisha majibu ya kipande hicho yakawa mwanzo wa kipande kinachofuata. Kwa mashine ya mezani ya kukokotoa, njia moja ilichukua kama saa 30 hadi 40 za kazi. Tarakimu moja ikikosewa mwanzoni, yote yanayofuata yameharibika.

Kay alifanya hesabu hizo kwa mkono, kisha akahamishiwa kwenye mashine kubwa ya magurudumu na mihimili inayozunguka ambayo ilimaliza njia moja kwa muda usiofika saa. Hata hivyo jeshi lilizalisha silaha kwa haraka kuliko majedwali yake. Ndipo John Mauchly na Presper Eckert, wa shule hiyohiyo, walipopewa fedha za kujenga mashine ya kielektroniki, ENIAC: tani 30, mirija ya vakyumu (swichi za kielektroniki za wakati huo) karibu 18,000, paneli 40 zilizozunguka chumba, na uwezo wa kujumlisha mara 5,000 kwa sekunde.

Katikati ya mwaka 1945 walichaguliwa wanawake sita wa kuipangia kazi: Kay, Frances Bilas, Betty Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff na Ruth Lichterman. Kwanza walipelekwa Aberdeen, Maryland, kujifunza mashine za kadi zenye matundu, zilizotumika kuingiza na kutoa data. Waliporudi, walikabidhiwa michoro ya nyaya na kuambiwa watafute namna ya kuitumia mashine. Kitabu cha maelekezo hakikuwapo. Mashine yenyewe hawakuruhusiwa kuiona mwanzoni, kwa sababu ilikuwa siri ya jeshi na wao walikuwa hawajapata kibali. Kwa hiyo waliisoma kwenye karatasi, paneli baada ya paneli, wakiwauliza wahandisi pale michoro ilipowashinda.

Hapo inabidi tusahau picha ya mtu aliyekaa mbele ya kibodi akiandika maagizo ya programu. ENIAC ya wakati huo haikuwa na lugha ya programu, wala haikuhifadhi maagizo ndani yake. Kupanga programu kulimaanisha kuchomeka nyaya kutoka kitengo hadi kitengo na kuweka swichi, ili namba itoke hapa, ifike pale, na mpigo wa umeme uanzishe hatua inayofuata kwa wakati wake. Vitengo kadhaa viliweza kufanya kazi kwa pamoja, kwa hiyo mpangaji alipaswa kujua kila sehemu ya mashine inafanya nini katika kila hatua ya hesabu. Na kubadili swali kulimaanisha kufumua nyaya na kuzipanga upya, kazi iliyoweza kuchukua siku nyingi.

Tatizo likazuka: hesabu ya njia ya kombora ilikuwa ndefu kuliko nafasi iliyokuwapo kwenye mashine. Kay alitambua kwamba hatua zinazojirudia hazina sababu ya kupangwa upya kila zinapohitajika. Kitengo kikuu cha uongozi cha ENIAC kingeweza kuhesabu marudio na kuirudisha mashine kwenye sehemu ileile ya mpango mara nyingi kadiri inavyotakiwa. Wazo hilo huhesabiwa miongoni mwa chimbuko la kile wanaprogramu wanachokiita leo fankisheni: kipande cha kazi kinachopangwa mara moja kikaitwa tena na tena. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye uzito wa maisha yake. Wahandisi walijenga mashine yenye uwezo fulani, na aliyeketi na hesabu yenyewe akaonyesha namna ya kuupanua uwezo huo bila kuongeza hata mrija mmoja.

Swali kubwa la kwanza lililoingizwa, mwishoni mwa 1945, lilitoka Los Alamos, maabara ya Marekani ya silaha za nyuklia, na lilihusu bomu la haidrojeni, ingawa undani wake ulifichwa kwa wanawake waliosaidia kuliendesha. Februari 1946 ENIAC ilionyeshwa hadharani. Programu ya maonyesho, iliyoandaliwa na Betty Jean Jennings na Betty Snyder, ilikokotoa njia ya kombora kwa sekunde 20, muda mfupi kuliko kombora lenyewe linavyochukua kufika chini. Wageni walishangilia. Jioni kulikuwa na karamu ya wakubwa, na wanawake hao hawakualikwa.

Mwaka 1948 Kay aliolewa na Mauchly, aliyekuwa amefiwa na mke wake wa kwanza, akaacha ajira. Alilea watoto saba, wawili kati yao wa mke wa kwanza, na bado alisaidia kupanga programu za kompyuta zilizofuata, BINAC na UNIVAC. Mauchly alifariki mwaka 1980. Baadaye Kay aliandika kumtetea mumewe katika ubishi mrefu kuhusu nani aliyebuni kompyuta ya kielektroniki.

Yeye mwenyewe alitetewa na mtafiti kijana. Katikati ya miaka ya 1980 Kathy Kleiman, akiwa mwanafunzi wa Harvard, aliona picha za wanawake wakiwa kando ya ENIAC, akauliza ni akina nani. Akajibiwa kwamba ni wanamitindo waliosimamishwa kuipendezesha mashine. Hakuridhika, akawatafuta, akarekodi masimulizi yao. Mwaka 1997 wote sita waliingizwa katika orodha ya heshima ya Women in Technology International. Kay alifariki Aprili 20, 2006, akiwa na miaka 85. Chuo Kikuu cha Dublin City kimelipa jengo lake la kompyuta jina la McNulty, na kompyuta kuu ya kitaifa ya Ayalandi iliyotumika hadi mwaka 2023 nayo iliitwa Kay.